Goti la Kushoto

Nguo zilikuja Jumatatu, ndani ya gunia la korosho,
zimefuliwa vibaya. Maji ya Newala ni ya kununua,
hayatoshi damu.
"Fundi," alisema Ntaluma, "ng'oa vifungo vya Mreno, tia vyetu.
Palipotoboka, ziba."
Akaweka mezani kilo mbili za sukari, malipo ya mwezi.

Nikamaliza suruali saba kabla ya adhuhuri.
Cherehani inalalama upande wa kulia, kama kawaida yake,
redio ya jirani inasoma habari za ushindi,
nami naitikia "ehee," meno yameshika uzi.

Nguo ya nane ilikuwa na kiraka kwapani.
Haikuwa ya jeshi. Ilikuwa shati la kuvalia chini yake.

Sikukitazama. Kidole kilitangulia:
uzi umerudi nyuma mara mbili, ukavuka, ukafungwa kwa ndani
ili fundo lisimkwaruze mtoto.
Baba peke yake alishona hivyo. Baba, na mimi.
Na shati hili nililishona mimi,
mwaka ule Severino alipovuka mto kurudi ng'ambo
kumfuata Filomena, na shamba la baba yake Filomena.

Kule walimpa kofia, bunduki na eskudo za kila mwezi.
Alituma neno kwa muuza chumvi:
"Mwambieni kaka, silindi Mreno. Nalinda mahindi yangu."
Nilicheka. Kisha nikasema, mbele ya watu wa chama,
kwamba sina ndugu ng'ambo.
Ulimi huo huo ulimwombea kila usiku, chini chini,
mama asisikie nikimtaja,
maana mama naye, upande wa pili wa ukuta, alikuwa akimtaja.

Nikamuuliza Ntaluma, kama mtu aulizaye bei ya sabuni:
"Mwenye hili, alikuwa na uso gani?"
"Gizani, fundi, uso hauonekani. Kinachoonekana ni nguo."
Akafikiri kidogo.
"Asubuhi tuliona ana chale. Lakini nani kwetu hana?"

Sikulia. Kazi ilikuwa nyingi.
Jioni nilikwenda Shimo la Mungu,
pale ardhi inapokatika ghafla na bonde kuporomoka hadi Ruvuma.
Husema ukikaza macho utaona moshi wa majiko ya ng'ambo.
Niliuona moshi. Wa jiko au wa kijiji, sijui;
kutoka juu hivyo, moshi wote ni kijivu.

Mama alisema, "Umechelewa."
Nikasema, "Nguo zilikuwa nyingi."
Hakuuliza za nani.

Usiku nikalifumua shati. Mkasi ulikataa, nikachukua wembe.
Kipande cha mgongoni kilikuwa bado kizima,
kitambaa cha maana, nilikinunua kwa Mhindi wa Mikindani
kwa pesa yangu mwenyewe,
na suruali ya mwisho guniani ilikuwa imechanika goti,
goti la kushoto, la kijana mrefu nisiyemjua,
ambaye Alhamisi angevuka.
Labda ndiye. Labda siye.

Ningeweza kukificha. Ningeweza kukizika nyuma ya nyumba,
nikampa mdogo wangu kaburi la upana wa kiganja.
Nilikishona gotini.
Uzi ukarudi nyuma mara mbili, ukavuka,
fundo kwa ndani.

Kijana aliijaribu mbele yangu. Akachuchumaa, akainuka.
"Haikwaruzi," alisema, kama mtu aliyepewa zaidi ya alichoomba.
Akatia sahihi kwenye daftari la Ntaluma, akaenda.

Mwaka wa uhuru wao walipita hapa wengi, wakirudi makwao,
matawi mikononi, vumbi hadi kwenye nyusi.
Nilisimama mlangoni, tepu shingoni, mkono juu.
Walidhani napunga.
Nilikuwa nakinga jua,
nahesabu magoti.